Simu nzuri kwa macho, pungufu kwa kazi: wakaaji wa Kivu wapima gharama ya urembo

Katika maduka ya simu ya Birere, mjini Goma, au kando ya soko la Kadutu, mjini Bukavu, simu ya bei kubwa huonyeshwa kwanza mgongo. Muuzaji huigeuza ili mwanga upige kwenye kioo, mteja aone rangi inavyocheza na kamera zilivyopangwa. Kisha mteja huuliza maswali ambayo hayamo kwenye tangazo lolote la Samsung wala la Apple. Inaingiza SIM ngapi? Kadi ya memori ina nafasi? Radio iko? Batri inafika kesho?

Mara nyingi biashara hukwama hapo. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa simu za hadhi ya juu zimezidi kupendeza, na karibu kila hatua ya uzuri imeondoa kitu ambacho watu wa mashariki mwa Kongo wanakitumia kila siku. Kwa mkaaji wa Paris au Seoul, mwenye umeme usiku na mchana na intaneti isiyokatika, hasara hiyo ni ndogo. Kwa mkaaji wa Butembo, Uvira au Bunia, simu ndiyo taa, ndiyo radio, ndiyo benki, na ndiyo sanduku la picha za familia. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, lazima akinunue kando.

Mwaka mgongo ulipofungwa

Wengi bado wanaikumbuka Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014. Mgongo wake ulikuwa wa plastiki yenye vidoti, na waandishi wengi wa Ulaya na Marekani waliucheka, wakisema hauna hadhi ya simu ya bei ile. Lakini plastiki ile ilifunguka kwa ukucha. Ndani mlikuwa na batri ya mAh 2,800 ya kutoa na kurudisha, na tundu la kadi ya memori. Tena simu hiyohiyo ilivumilia maji ya mita moja kwa dakika 30.

Tarehe 1 Machi 2015, mjini Barcelona, Samsung ilionyesha mrithi wake, S6. Kioo mbele, kioo nyuma, fremu ya chuma, unene wa milimita 6.8 badala ya 8.1. Kicheko cha plastiki kilikwisha siku ile. Lakini batri sasa ilikuwa imefungiwa ndani na imepungua hadi mAh 2,550, tundu la kadi limeondolewa, na kinga ya maji haikuwemo tena. Mnunuzi alilipa zaidi akapata pungufu, na kwa mara ya kwanza wapenzi wengi wa Samsung walibaki na simu ya zamani kwa makusudi.

Malalamiko yalisikiwa nusu. S7 ya mwaka 2016 ilirudisha kadi ya memori na kinga ya maji, batri ikapanda hadi mAh 3,000, na simu ikanenepa tena hadi milimita 7.9 bila mtu kulia. Batri ya kutoa haikurudi. Kadi yenyewe iliondolewa tena Januari 2021 kwenye S21, na safari hiyo hata kisingizio cha urembo hakikuwepo, kwani mgongo wa S21 ya kawaida ulikuwa wa plastiki.

Apple haikuwa na cha kufunga: iPhone imekuwa na batri ya ndani na haina nafasi ya kadi tangu ya kwanza, mwaka 2007. Wateja wake waliijua hivyo tangu mwanzo. Uchungu ulikuwa wa watu wa Android, waliochagua upande ule kwa sababu ya vitu hivyo hasa.

Batri ilipokuwa inaenda yenyewe kuchajiwa

Ili kuelewa kilichopotea, mtu atazame nyumba za kuchajia simu zilizoko karibu kila mtaa na kila kituo cha biashara Kivuni: meza, waya nyingi, paneli ya jua juu ya mabati au jenereta nyuma ya ukuta, na simu zimepangwa zikiwa na vikaratasi vya namba. Mteja analipa franga chache, anaacha simu, anarudi jioni.

Wakati wa batri za kutoa, haikuwa lazima kuacha simu. Mtu aliacha batri peke yake, ikabanwa kwenye shaja ile ndogo yenye meno mawili na taa za rangi, na simu ikabaki mfukoni pamoja na SIM, ujumbe na siri zake. Mwenye batri mbili hakusimama kabisa: moja ikiwa mezani, nyingine iko kazini. Motari aliyekuwa anangoja mteja ampigie hakupoteza saa tatu akiwa hapatikani. Batri ikivimba au ikichoka, sokoni kulikuwa na nyingine ya dola chache, na kuibadilisha kulichukua muda wa kunywa maji.

Leo simu nzima ndiyo inayoachwa mezani, au mtu ananunua pawabenki. Pawabenki nayo ni batri. Ina uzito wake, bei yake na waya wake. Yule aliyelipia simu nyembamba ya milimita saba anaishia kutembea na tofali dogo mfukoni, na hesabu ya wembamba inakuwa imekwenda wapi haijulikani.

Hali ya umeme ndiyo inayoipa hesabu hii uzito. Bukavu inaishi na delestaji kila maji ya Ruzizi yanapopungua au mashine zinapochoka. Mitaa mingi ya Goma imepata nafuu tangu Virunga Energies ilipoanza kuleta umeme wa mito ya upande wa Rutshuru, lakini waya huo unapita katika maeneo ya vita. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipouzunguka mji, Goma ilikaa siku kadhaa gizani, bila maji ya bomba, na intaneti nayo ikakatika. Siku kama zile, asilimia zilizobaki kwenye batri ndizo saa alizobaki nazo mtu za kuuliza ndugu zake kama wako hai.

Batri ya ndani ina jambo jingine: inazeeka, na simu inazeeka nayo. Apple yenyewe inasema batri za iPhone hadi ile ya 14 zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya nguvu baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Kuanzia iPhone 15 hesabu imepanda hadi mara 1,000. Kwa mtu anayechaji kila siku, mara 500 ni kama mwaka mmoja na nusu. Desemba 2017 kampuni hiyo ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye batri iliyochoka ili zisizimike ghafla. Baada ya kelele kubwa ilishusha bei ya kubadilisha batri kutoka dola 79 hadi dola 29, na mamilioni ya watu wakagundua kwamba simu waliyodhani imekufa ilikuwa na njaa ya batri mpya tu.

Samsung nayo ilipata somo lake mwaka 2016 na Galaxy Note 7. Batri zake zilishika moto, mashirika ya ndege yakakataa kuibeba, na Oktoba kampuni ikaacha kuitengeneza kabisa. Kama batri hiyo ingefunguka kwa ukucha kama ile ya S5, pengine ingetosha kuwatumia wateja batri nyingine. Badala yake zilirudishwa simu nzima, kwa mamilioni.

SIM mbili si anasa

Kwa kampuni nyingi za Magharibi, SIM ya pili ni kitu cha msafiri. Hapa ni kitu cha kila mtu. Kupiga kutoka Airtel kwenda Airtel hakugharimu sawa na kutoka Airtel kwenda Vodacom. Kuna kijiji kinachopata Orange peke yake, na kingine ambako ukipanda kilima unapata Vodacom peke yake. Anayevuka Petite Barrière kila asubuhi kwenda Gisenyi anahitaji namba ya Rwanda pia. Na juu ya yote kuna pesa: M-Pesa iko kwenye SIM moja, Airtel Money kwenye nyingine, Orange Money kwenye ya tatu. Tangu benki za Goma zilipofunga milango, baada ya mji kuingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, mishahara, kodi za nyumba na hata pesa za soko zimepita kwenye namba hizo. SIM iliyotolewa kwenye simu ili nyingine iingie ni mfuko wa pesa uliofungwa kwa muda.

Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, mama wa Tecno, itel na Infinix, ilielewa hilo mapema. Ilipoingia Afrika miaka karibu ishirini iliyopita, ilikuja na simu za SIM mbili wakati majina makubwa yalikuwa bado yanauza za SIM moja. Ndiyo maana leo haishangazi kuziona Tecno na itel kwenye meza ya kila mama muuza inite.

Majina makubwa yalifuata, lakini kwa mtego. Kwenye simu nyingi za Samsung, kuanzia S7, kijaruba cha SIM kina nafasi mbili ambapo ya pili ni ya SIM au ya kadi ya memori, moja kati ya hizo. Mtu anachagua: namba ya pili, au picha na nyimbo zake. Wako mafundi waliojaribu kukwangua SIM na kuibandika juu ya kadi ili vyote viwili viingie. Wakati mwingine ilifaulu, wakati mwingine kijaruba kilikwama ndani na gharama ikawa nyingine.

Jambo jipya zaidi ni simu isiyo na tundu lolote la SIM. Mwaka 2022 iPhone 14 ya soko la Marekani ilitoka bila tundu; namba inaingizwa kwa programu, ile inayoitwa eSIM. Mwaka 2025 iPhone Air, nyembamba kuliko zote, ilitoka hivyo kwa dunia nzima, na iPhone 17 inayouzwa Dubai, Oman, Qatar na nchi jirani za Ghuba nayo haina tundu. Hili linagusa Kivu moja kwa moja. Wafanyabiashara wa Butembo na Goma wamezoea kununua Dubai tangu zamani, na simu za okazi kutoka Marekani zinafika kwa ndege, kwa mizigo na kwa mifuko ya wasafiri. Mtu anaweza kulipa mamia ya dola kwa simu inayong'aa, akafika nyumbani na SIM yake mkononi, asione pa kuiweka.

Apple inaeleza kwamba nafasi iliyookolewa inaongeza batri, na kwamba mwizi hawezi kuitoa SIM akaitupa. Ni kweli. Lakini hapa SIM inauzwa chini ya mwavuli, inaingia leo kwenye simu hii na kesho kwenye simu ya ndugu. Simu ikizimika, SIM inatolewa na maisha yanaendelea kwenye ki-itel cha dola kumi na kitu. eSIM haitoki.

Waya wa radio

Septemba 2016, Apple ilipoondoa tundu la ekuteri kwenye iPhone 7, kiongozi wake wa masoko, Phil Schiller, alilieleza tendo hilo kwa neno moja: ujasiri. Dunia ilicheka. Google ilipotangaza Pixel mwezi uliofuata ilijigamba kwamba tundu liko. Mwaka mmoja baadaye Pixel 2 ikatoka bila hilo. Samsung ilitengeneza tangazo la kuwakejeli wenye iPhone. Agosti 2019 Note 10 ikatoka bila tundu na tangazo likaondolewa. Ikawa hivyohivyo kwa shaja iliyotolewa ndani ya sanduku: Apple mwaka 2020, kejeli ya Samsung kwenye Facebook mwaka huohuo, halafu S21 bila shaja Januari 2021 na kejeli imefutwa.

Huko Ulaya mjadala ulikuwa wa muziki: waya au bila waya. Huku tundu lile lilikuwa na kazi nyingine ambayo matangazo hayakuitaja. Katika simu nyingi, waya wa ekuteri ndio antena ya radio ya FM. Ukichomeka, radio inashika, ukichomoa, inakufa. Radio hiyo haili mega, haihitaji inite, na inatumia batri kidogo.

iPhone haijawahi kuwa na radio ya FM. Swali hilo liliulizwa hata Marekani: Septemba 2017, baada ya vimbunga vilivyokata mawasiliano Puerto Rico na kwingine, mkuu wa tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, Ajit Pai, aliitaka Apple iwashe radio ndani ya simu zake kwa ajili ya usalama wa watu. Apple ilijibu kwamba iPhone 7 na iPhone 8 hazina chombo cha FM wala antena ya kukishikilia, kwa hiyo hakuna cha kuwasha.

Wakongomani hawahitaji kimbunga ili kuelewa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote kwa karibu majuma matatu. Mwenye simu ya dola mia nane na mwenye simu ya dola kumi na tano walikuwa sawa kwa WhatsApp, wote hawana; lakini wa pili aliweza kuchomeka waya na kusikiliza Radio Okapi au radio ya mtaa wake, wa kwanza alikaa akitazama kioo kizuri. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, amri ya kuhama sehemu kubwa ya Goma ilitangazwa alfajiri ya tarehe 27. Familia ziliondoka kuelekea Sake, Rutshuru, Gisenyi na ziwani zikiwa na mitandao iliyolemewa na uvumi wa kila aina. Njiani, simu ndogo yenye radio na tochi ilikuwa na thamani kuliko kamera tatu.

Inafaa kusema pia kwamba simu nyingi za kati za Tecno, Infinix na itel, na baadhi ya Samsung za mfululizo wa A, bado zina radio na tundu. Simu iliyopokonywa vitu hivyo ndiyo ya gharama.

Kinachopatikana kwa kulipa

Ingekuwa uongo kusema kwamba urembo haukuleta kitu. Simu iliyofungwa vizuri huzuia vumbi la barabara na maji ya mvua, na anayevuka ziwa kwa mtumbwi au kuosha vyombo simu ikiwa kiunoni anajua thamani ya hilo. Kamera za simu za juu zimewapa vijana wengi wa Goma na Bukavu kazi: wanapiga picha za harusi, wanatengeneza video, wanalipwa. Simu hizo pia hupata masasisho ya usalama kwa miaka mingi, jambo ambalo simu nyingi za bei ndogo hazina. Tena mwizi akiiba simu yenye batri ya ndani hawezi kuing'oa batri papo hapo ili isitafutwe.

Kuna pia heshima, na heshima si kitu cha kudharauliwa. iPhone juu ya meza wakati wa mazungumzo ya biashara inasema kitu kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Katika miji ambako wengi wamepoteza mali kwa vita na kuhama, kitu kizuri kinachoingia mfukoni na kukimbia na mwenyewe kina maana yake.

Lakini S5 ilikuwa na kinga ya maji pamoja na batri ya kutoa, na Samsung yenyewe inaendelea kutengeneza simu za XCover, za watu wa kazi ngumu, zenye batri inayotoka na kinga ya maji pamoja. Kwa hiyo haikuwa lazima kuchagua kimoja kati ya viwili. Kilichochaguliwa ni kioo na wembamba. Na kioo hicho, ardhi ya Goma haikihurumii: ni mawe ya lava, yenye meno, na simu inayodondoka kutoka kwenye moto haina mara ya pili. Ndiyo maana dakika chache baada ya kulipa, mnunuzi anaivisha simu yake kifuniko cha mpira cha dola mbili, na ule mgongo aliougharamia hauonekani tena.

Kuhusu kadi ya memori iliyoondolewa, kampuni zinashauri watu waweke picha zao kwenye intaneti. Ushauri huo unasahau bei ya mega na siku ambazo mtandao haupo. Unasahau pia kwamba kuongeza nafasi wakati wa kununua kumekuwa kukigharimu kama dola 100 kwa kila hatua kwenye iPhone nyingi, wakati kadi hugharimu sehemu ndogo ya hizo. Kwa vijana wenye kompyuta kando ya barabara wanaowatilia watu nyimbo, filamu na mahubiri, kadi ndiyo iliyokuwa kikapu. Na simu ikivunjika, picha za marehemu baba hutoka na kadi, zikaingia kwenye simu nyingine.

Hesabu ya okazi

Wengi wanaotumia simu za hadhi hapa hawakuzinunua zikiwa mpya. Zimekuja baada ya miaka miwili au mitatu mikononi mwa mtu mwingine, kwa bei ya nusu au chini yake, na hapo ndipo batri iliyogandishwa inageuka mzigo wa mnunuzi wa pili. Fundi hupasha mgongo moto kwa mashine ya kukaushia nywele ili gundi ilegee, hupenyeza kipande chembamba cha plastiki pembeni, na huomba kioo kisipasuke. Kikipasuka, mteja na fundi wana ugomvi. Kisipopasuka, batri inayowekwa ni ya ubora usiojulikana, na kinga ya maji imekwisha hata kama mgongo umerudi mahali pake.

Ulaya imeanza kulirudisha jambo hili nyuma kwa sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu batri inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, batri za vifaa vinavyobebwa ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Mlango wa pembeni umeachwa wazi: simu yenye kinga ya maji ambayo batri yake inabaki na angalau asilimia 80 baada ya kuchajiwa mara 1,000 inaweza kuendelea kufungwa na kufunguliwa na mafundi tu. Tayari tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu zote mpya zinazouzwa huko lazima zitumie shaja ya USB-C, na hilo limeanza kuonekana hapa, ambako waya mmoja sasa unaweza kuchaji simu za familia nzima. Kuhusu batri, simu za sheria hiyo zitafika Birere zikiwa okazi, baada ya mwaka 2029 au 2030.

Kuna upande mwingine ambao hausemwi sana madukani. Tantali inayoingia ndani ya simu inachimbwa pia Rubaya, Masisi, na zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia, ambayo ni chakula cha batri, inatoka Kongo, hasa Lualaba. Simu inayotupwa kwa sababu batri yake haitoki inaomba nyingine itengenezwe, na udongo wa kuitengeneza ni huuhuu.

Kwa sasa wakaaji wamejitafutia dawa: simu mbili. Ile nzuri kwa picha, WhatsApp na heshima. Ile ndogo ya vidude kwa kupiga, tochi, radio na pesa. Ndogo inakaa siku nyingi bila kuchajiwa, na katika barabara mbaya ndiyo inayobaki mfukoni huku nzuri imefichwa. Serikali nayo, ilipoleta tozo ya RAM Septemba 2020, kabla ya kuifuta mwaka 2022 kwa kelele za wananchi, ilizitenga hivyohivyo: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ile ya 3G au 4G.

Anayetaka moja tu na mfuko wake una mpaka, mafundi humshauri aende dukani na vitu vyake: SIM zote mbili, kadi ya memori, ekuteri za waya. Aziingize zote kabla ya kuhesabu pesa, aangalie asilimia za afya ya batri kama ni iPhone, apige namba moja kwa kila SIM, atafute stesheni moja ya radio. Kwa simu ya Marekani au ya Dubai, la kwanza ni kuomba kile kipini cha kufungulia kijaruba na kuzungusha simu pande zote nne. Tundu lisipoonekana, mazungumzo ya bei hayana haja ya kuanza.